Ripoti za Bahari Zirudi Pwani

Ziko fedha ambazo hazitajwi katika hotuba wala hazikatiwi utepe. Ni ruzuku ndogo wanazopewa watu wanaotaka kuichunguza bahari yetu na mambo ya pwani, au kuwafundisha wengine habari zake. Mmoja hupewa dola elfu chache ahesabu kaa wa mikokoni. Mwingine hupewa apime joto la maji katika mashamba ya mwani. Kikundi cha wavuvi hupata fedha za maboya na kamba ili wauweke mwamba mmoja katika mapumziko ya miezi mitatu. Mwalimu hupata kodi ya mashua awapeleke wanafunzi wake kuyaona matumbawe yaliyo hai. Fedha hizi ni kidogo kiasi kwamba wakubwa wengi hawazioni. Sisi twaziona, na leo twataka kuzisemea, kwa kuwa zimefanya kazi kupita sifa zake, na kwa kuwa iko kasoro moja ambayo imeachwa muda mrefu mno bila kusemwa wazi.

Yafaa msomaji ajue kwanza fedha hizo zatoka wapi. Mjini Zanzibar iko jumuiya ya wanasayansi wa bahari, ijulikanayo kwa herufi zake WIOMSA, iliyoanzishwa mwaka 1993. Eneo lake la kazi ni magharibi yote ya Bahari ya Hindi: Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Komoro, Madagaska, Shelisheli, Morisi, na kisiwa cha Réunion kilicho chini ya Ufaransa. Kwa msaada wa Sweden, jumuiya hiyo ilianzisha mpango uitwao MARG, wa kuwapa watafiti, hasa vijana, fedha za kuchunguza jambo moja lenye mipaka yake, au nauli ya kwenda kujifunza kwa wenzao wa nchi jirani. Mwaka 2000 ukafuata mpango wa pili, MASMA, wenye ruzuku kubwa zaidi, uliowataka mabingwa wa nchi mbalimbali washike kazi moja kwa pamoja. Upande wa wananchi wasio wanasayansi, Mfuko wa Mazingira wa Dunia ulianzisha mwaka 1992 programu yake ya ruzuku ndogo, na kuiweka chini ya usimamizi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Programu hiyo huvipa fedha vikundi vya vijiji na vyama vya wananchi, na kwa miaka mingi mradi mmoja haukuweza kupata zaidi ya dola 50,000. Vikundi vingi hupata pungufu ya hapo.

Hiyo ndiyo mifereji mikubwa. Iko mingine midogo ya mashirika na vyuo vya ng'ambo, nayo hatutaihesabu hapa.

Huenda msomaji akauliza fedha za kiasi hicho zaweza kufanya nini mbele ya bahari. Tumjibu kwa hadithi ya kweli ya paundi mia moja.

Mwezi Desemba mwaka 1938 meli ya uvuvi ilileta katika bandari ya East London, Afrika Kusini, samaki wa ajabu mwenye mapezi yaliyokaa kama miguu. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, alimwona katika lundo la samaki akatambua kwamba si wa kawaida. Bingwa wa samaki, Profesa J. L. B. Smith, akatangaza kwamba huyu ni silikanti, jamaa wa samaki waliodhaniwa kuwa wametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Lakini yule wa kwanza alikuwa ameharibika matumbo, na bingwa alitaka mwingine. Alifanya nini? Alipiga chapa karatasi yenye picha ya samaki, akaahidi paundi 100 kwa atakayempata, akaisambaza katika pwani ya Afrika ya Mashariki na visiwa vyake. Ilipita miaka 14. Mwezi Desemba mwaka 1952, mvuvi wa Nzwani katika visiwa vya Komoro, Ahamadi Abdallah, akamvua kwa mshipi. Asubuhi yake samaki yu sokoni Domoni, karibu akatwe vipande, mwalimu mmoja wa shule akamkumbuka kwa ile picha. Wakambeba kuvuka milima hadi Mutsamudu, ilikokuwa imetia nanga jahazi la nahodha aliyekuwa na habari za zawadi ile, na Profesa Smith akaja kumchukua kwa ndege ya jeshi aliyopewa na Waziri Mkuu wa nchi yake.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kwa sifa ya profesa. Sisi twapenda kuitazama kutoka pwani. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote, na jina lake wanalo: gombessa. Maarifa yalikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza. Tena ile karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Katika pwani ambayo wavuvi wake husema Kiswahili na Kikomoro, hakuna hata lugha moja ya wavuvi iliyotiwa ndani yake. Kama isingekuwa picha, na kama isingekuwa mwalimu yule, silikanti wa pili angeliwa mchana ule na watu wa Domoni, na dunia isingepata habari. Paundi 100 zilifanya kazi kubwa, lakini ziliponea chupuchupu.

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo ni ya Komoro peke yake. Tangu mwaka 2003 silikanti wamenaswa katika maji ya Tanzania, kwanza upande wa Kilwa, kisha wengi sana Tanga, katika jarife za papa zilizotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 Serikali ikatangaza hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yao.

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa sufuria za watu wengi zaidi kuliko silikanti, nalo ni mwani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo alikuwapo bingwa wetu, Profesa Keto Mshigeni, aliyekuwa ameuchunguza mwani wa pwani yetu na kuhimiza ulimwe. Leo wakulima wake Zanzibar hutajwa kuwa zaidi ya 20,000, na walio wengi ni wanawake. Mwani mkavu hupelekwa ng'ambo, ukatolewa uto uitwao karaginani, nao hutiwa katika vyakula, dawa za meno na vitu vingine vingi ambavyo mama wa Paje huvinunua dukani bila kujua kwamba mkono wake umo ndani.

Aina zilizokuja ni mbili: spinosamu, iliyo na bei ndogo, na kotonii, iliyo na bei nzuri. Taabu ni kwamba kotonii haivumilii. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, ikaanza kuugua, ikageuka nyeupe na kukatika, na katika vijiji vingi ikafa kabisa. Mama aliyekuwa akipanda kotonii akabaki na spinosamu, yaani kazi ile ile ya kuinama majini, vigingi vile vile, mgongo ule ule, kwa fedha pungufu. Hapo hasira zilikuwa nyingi vijijini. Wengine walimlaumu mnunuzi, wengine mahoteli ya ufukweni, wengine wakasema ni jambo la Mungu. Jibu lilihitaji mtu wa kushuka majini na kipimajoto, siku baada ya siku, akifuata maji makuu na maji mafu.

Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar tangu mwaka 1978, na miongoni mwao Dkt. Flower Msuya amejulikana zaidi kwa kufanya kazi bega kwa bega na wakulima wenyewe. Walijaribu kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, yaliyo baridi zaidi, ukiwa ndani ya nyavu zilizoshonwa kama bomba ili unapokatika usichukuliwe na mkondo. Kotonii ikaota. Tangu mwaka 2006 ukaanzishwa umoja wa wakulima, wataalamu na wafanyabiashara wa mwani Zanzibar, na kina mama wakafundishwa kuusaga mwani na kuutengenezea sabuni, ili wasiuze magunia ya mwani mkavu tu.

Twataka msomaji atulie hapa kidogo, maana hapa ndipo lilipo somo. Jaribio lilifaulu, lakini halikuwa mwisho wa shida. Kwenda kwenye maji ya kina kwahitaji chombo, na chombo ni mali ya wanaume. Kwahitaji kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufundishwa kuogelea, ingawa wamezaliwa wakisikia mawimbi. Basi utafiti wa joto la maji ukazaa swali la mashua, na swali la mashua likazaa swali la elimu ya wasichana. Hakuna bingwa aliyekaa mezani Ulaya ambaye angeliona hilo kabla. Lilionekana kwa sababu mtafiti alikuwa pale pale, akizungumza na mama yule yule msimu baada ya msimu. Mradi mkubwa wa mamilioni ungekuja na magari na bendera, na huenda ungeondoka kabla ya swali la pili kuulizwa.

Mfano mwingine ni wa pweza, nao watoka kusini magharibi ya Madagaska, katika kijiji cha Andavadoaka. Pweza wa miamba yetu hukua upesi mno. Maisha yake yote ni kama mwaka mmoja au kupita kidogo, na jike hufa mayai yake yakishaanguliwa. Maana yake ni kwamba pweza aliyeachwa miezi michache tu huwa mzito mara nyingi kuliko alivyokuwa. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, pamoja na shirika moja la watafiti, walikubaliana kuufunga mwamba mmoja kwa miezi saba. Ulipofunguliwa, watu waliona kwa macho yao. Vijiji vya jirani vikaiga, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliozitazama mara 36 za kufunga na kufungua miamba kati ya mwaka 2004 na 2011, ulionyesha kwamba katika siku 30 baada ya kufungua, uzito wa pweza waliovuliwa pale ulizidi mara nyingi ule wa siku 30 kabla ya kufunga, na pato la kila mvuvi kwa siku likakaribia kuwa maradufu. Desturi hiyo imevuka bahari. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, ni miongoni mwa mahali ambapo wananchi wameijaribu kwa mikono yao.

Gharama yake ni nini? Maboya, kamba, mafuta ya doria, daftari la kuandikia mizani, na mtu anayejua kusoma daftari hilo. Hayo ndiyo matumizi ambayo ruzuku ndogo iliumbiwa. Walakini tusidanganyane kwamba hayana ugomvi. Siku ya kufungua mwamba huja umati, wengine kutoka mbali ambao hawakujinyima hata siku moja. Vijana wenye miwani ya kuzamia huwatangulia kina mama wanaotembea na vijiti vyao juu ya mwamba wakati wa bamvua, na aliyevumilia miezi mitatu huondoka na pweza wawili. Kijiji kisichokuwa na kamati imara kitaufunga mwamba mara moja na hakitarudia. Sayansi yaweza kusema pweza hukua kwa siku ngapi. Nani apewe nafasi ya kwanza siku ya kufungua, hilo ni la mkutano wa kijiji.

Ndugu zetu wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wamekwenda mbali zaidi. Mikoko ya ghuba yao ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi walikuwa wakipanda miche katika matope yale, wakipima mche kwa mche, na kwa miaka mingi hakuna aliyewajali. Vipimo hivyo vilipokusanyika, viliwezesha mradi wa Mikoko Pamoja kuanza mwaka 2013. Vijiji vya Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza nchi za nje hesabu ya hewa chafu ambayo miti hiyo na matope yake huizuia. Fedha zake zimeingia katika maji ya bomba na vitabu vya shule, na mwaka 2017 mradi ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Huu ni ushahidi kwamba daftari la mtafiti, likikaa kijijini miaka 20, laweza kugeuka bomba la maji.

Sasa tuiseme kasoro.

Maombi ya ruzuku na ripoti zake za utafiti aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. (Wengi wetu tuliokaa darasani twakumbuka insha zilizoandikwa ili kumpendeza mwalimu; maombi mengi ya ruzuku yana harufu ile ile.) Mtafiti akimaliza kazi, ripoti huenda kwa mwenye fedha, makala huenda katika jarida la kitaalamu, na nakala moja hulala katika maktaba ya chuo. Mvuvi aliyempa mtafiti ngalawa yake, aliyemwonyesha mwamba ulipo, aliyejibu maswali jua likimchoma, hapati kitu. Mtafiti wa pili huja mwaka wa tatu na maswali yale yale. Ndiyo maana katika madiko mengi mtu akionekana na daftari, wazee hutazamana. Hawachukii elimu. Wamechoka kuwa shamba linalovunwa na wasioonja mavuno.

Tena maneno ya wavuvi yenyewe ni sayansi tayari. Mzee wa Mafia au wa Pate anayo majina ya samaki, ya upepo, ya mikondo na ya aina za mwamba kupita yanayopatikana katika kamusi nyingi. Akisema samaki fulani hutaga kusi linapoanza kulegea, anatoa taarifa ambayo mtafiti angehitaji misimu kadhaa kuipata. Ripoti ikiandikwa kwa Kiingereza peke yake, jina la samaki hugeuka la Kilatini, mwamba hugeuka tarakimu za ramani, na mzee akisomewa hawezi kusema, "Hapa mmekosea." Hapo hasara si ya mzee tu, mtafiti naye amepoteza msahihishaji wake bora. Karatasi ya Profesa Smith ilikuwa na lugha tatu na ikakosa ya pwani, lakini angalau ilikuwa na picha!

Sisi twapendekeza jambo moja lisilo na gharama kubwa. Kwa kawaida ruzuku hutolewa kwa mafungu, na fungu la mwisho hungoja ripoti. Basi mkataba useme kwamba fungu hilo halitolewi mpaka matokeo yamesomwa kwa Kiswahili mbele ya watu wa diko lile lile ulikofanywa utafiti, na muhtasari wa karatasi mbili umeachwa kwa kamati ya wavuvi, kwa sheha au mwenyekiti wa kijiji, na kwa mwalimu mkuu wa shule. Katika nchi jirani iwe kwa lugha ya watu wa huko. Mwenyekiti atie sahihi kwamba amesikia, na maswali yaliyoulizwa yaandikwe nyuma ya karatasi yapelekwe kwa mwenye fedha. Watafiti kadhaa hufanya hivyo leo kwa moyo wao, nao twawapongeza. Lakini jambo jema lisiachwe kwa moyo wa mtu mmoja mmoja madhali laweza kuwekwa katika mkataba.

Watu watasema watafiti wetu wana kazi nyingi na dola zenyewe ni chache. Twakubali dola ni chache. Kwa hiyo fedha za siku hiyo moja, mafuta ya chombo na uchapaji wa karatasi mbili, ziandikwe katika bajeti tangu mwanzo, kama zinavyoandikwa za vifaa.

Liko na jambo la majira, ambalo twalitaja kwa ufupi. Ruzuku nyingi za vijana ni za mwaka mmoja, na mwaka huo huhesabiwa kwa kalenda ya ofisi. Bahari yetu ina kaskazi na kusi. Fedha zikichelewa miezi miwili benki, na kifaa kikakaa forodhani mwezi mwingine, mtafiti amekwisha kosa kaskazi nzima, naye ataandika habari za nusu ya mwaka kana kwamba ni mwaka. Matumbawe yaliyopauka kwa joto mwaka 1998, katika maafa yaliyoikumba Bahari ya Hindi nzima, yalihitaji kutazamwa kwa miaka mingi ili ijulikane yapi yanarudi na yapi yamekufa. Joto lilirudi tena mwaka 2016 na mwaka 2024. Mwenye kutoa fedha na aruhusu ruzuku ndogo igawanywe katika miaka miwili au mitatu. Kiasi kibaki kile kile, muda urefuke.

Na tusisahau upande wa elimu, ambao mara nyingi hupewa makombo. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, mwamba umelindwa rasmi tangu mwaka 1994. Wavuvi wa zamani wakawa walinzi wake, na wanafunzi wa shule za Unguja hupelekwa kuelea juu ya matumbawe na kuyaona. Mtoto aliyezaliwa hatua mia kutoka majini aghalabu hajapata kuona kilicho chini ya chombo cha baba yake. Akiona mara moja, hahitaji kuhubiriwa sana juu ya baruti na makokoro. Somo hilo ni la siku moja. Gharama yake ni mashua, miwani, na chakula cha mchana.

Linabaki swali ambalo hatuwezi kulikwepa: mpaka lini fedha hizi zitoke Stockholm na Washington? Hatusemi kwa kiburi. Waliosaidia wamesaidia, na wema haukanushwi. Lakini mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, na kazi nyingi katika Afrika zikasimama kwa barua moja. Aliyekuwa na daftari la miaka mitano juu ya mwamba wake alijikuta na pengo ambalo halijazwi tena, kwa maana msimu ukipita umepita. Bahari ni yetu, na wanaokula samaki wake ni sisi. Viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos mwaka 1980 kwamba nchi zao zijitahidi kutoa asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia, na miaka inazidi kwenda.

Hatuingoji asilimia hiyo ndipo tuanze. Halmashauri za Tanzania Bara zimekuwa zikitenga sehemu ya kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jambo lililotiwa katika sheria mwaka 2018. Basi njia ya kutenga fedha kidogo kwa kusudi maalumu wanaijua. Halmashauri ya pwani hutoza ushuru katika mazao ya bahari kila siku. Ikitenga sehemu ndogo tu ya ushuru huo, tuseme ya kutosha ruzuku mbili au tatu kwa mwaka, ikawaalika vijana wa vyuo vyetu na kamati za wavuvi waombe kwa Kiswahili, swali likitoka kwa wavuvi wenyewe, hapo fedha ya samaki itakuwa imerudi kwa samaki. Maswali hayakosekani. Kwa nini changu wamekuwa wadogo? Mtaro wa mji unatiririsha nini ghubani? Mwani ufungwe mwezi gani ili usipatwe na joto? Mkulima wa Jambiani na mvuvi wa Kilwa Kivinje wanayauliza kila siku bila kulipwa.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na hesabu zake hujadiliwa miezi kadhaa kabla, kaskazi likiwa bado linavuma. Diwani wa kata yoyote ya pwani, iwe Mkinga, Bagamoyo, Mafia au Lindi, anao wakati wa kusimama katika kikao na kuuliza: ripoti ya mwisho iliyoandikwa juu ya bahari ya kata hii iko wapi, na ni nani aliyesomewa?